Mtu wa Kumi na Tisa

Katika daftari la klabu ya mpira ya Saltwater jina la Horrie Trembath limeandikwa mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili katibu ameandika mbele yake neno moja kwa wino mweusi: hakuingia. Mara kumi na moja daftari linasema kweli. Ya kumi na mbili ni uongo, na uongo wenyewe aliutamka Horrie kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu, wala hakuna aliyemshikia rungu.

Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha ngozi, upande wa magharibi wa Melbourne, mahali ambapo mto una rangi ya chai na mgeni hutambulika kwa kuziba pua. Baba yake, Perce, alichuna ngozi kiwandani humo siku sita za juma, na Jumamosi mchana aliichezea Saltwater. Alicheza mechi arobaini na moja. Kwa hiyo jina lake likapakwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao mkubwa wa ukumbini. Ubao ule ulikuwa na haki kuliko serikali: aliyecheza mechi mia mbili yumo, na aliyecheza moja akavunjwa mguu akaishia hapo, naye yumo. Mtu wa kule akioa au akifa, watu huuliza kwanza kama yumo ubaoni, halafu ndipo waulize mengine. Perce alipokuwa anakufa kwa ugonjwa wa kifua hakumwachia mwanawe wosia wa maana ila mmoja. "Horrie," alisema, "usiniache peke yangu pale ukutani."

Basi hilo ndilo Horrie alilolitaka duniani. Mechi moja tu. Hakuomba sifa wala kombe.

Kudaka alijua. Katika mchezo ule wa mpira wa umbo la yai, anayeudaka juu kabla haujagusa chini huachiwa apige kwa raha zake, na Horrie alikuwa na mikono ambayo mpira ukiingia haukumbuki njia ya kutokea. Lakini mbio hakujaliwa. Kwa ajili hiyo akakaa timu ya pili miaka saba, akikimbia kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, huku ananuka ngozi mbichi, akiwatazama vijana wanampita kwenda timu ya kwanza. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwahi kumwona Alf Quilty akipanga timu.

Mwanzoni mwa miaka ya thelathini kila timu ya wachezaji kumi na wanane iliruhusiwa kuweka benchi mtu mmoja wa akiba, wa kumi na tisa. Masharti yalikuwa makali. Akiingia, yule aliyempisha harudi tena, hata apone kwa muujiza. Asipoingia, basi hakucheza. Siku hiyo haihesabiwi na ubaoni hapakwi. Kwa hiyo makocha walimtunza mtu wa kumi na tisa kama bibi anavyotunza sahani za wageni, na Quilty, kocha wa Saltwater, aliwazidi wote. Kwake mtu hajaumia mpaka mfupa uonekane.

Klabu ilimpa mtu wa kumi na tisa joho la sufu la buluu, refu mpaka visigino, ili misuli isipoe akiwa amekaa. Horrie alipolivaa mara ya kwanza, mtu mmoja nyuma ya benchi akapiga kelele, "Jamani, Askofu kafika!" Ikawa basi. Jina alilopewa na mama yake likabaki kwa mkewe na kwenye daftari.

"Askofu, misa saa ngapi leo?"

"Askofu, niombee bwana, mke wangu kaunguza nyama tena!"

"Kwa mapishi ya mkeo," Horrie alijibu bila kugeuka, "hata maombi yana mwisho."

Alicheka nao, kwa sababu asiyecheka kule humalizwa. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Horrie liliuma misimu miwili. Mara ya saba alifika karibu kabisa. Nahodha aliangukiwa na watu wawili, Quilty akamwita, Horrie akavua joho na kufika mstarini, mguu umeshainuliwa. Nahodha akaketi, akatema jino, akasema, "Niko sawa." Horrie akaushusha mguu upande uleule ulikotoka. Mtaani walimcheka mwezi mzima kwamba alikaribia kubatizwa.

Alhamisi kabla ya mechi ya mwisho ya ligi ya mwaka 1934, katibu wa klabu, Bwana Pobjoy, alimngoja mlangoni mwa chumba cha kuvalia, kofia mkononi.

"Horrie, kamati imekaa. Mwakani tunataka vijana."

"Nina miaka ishirini na tisa, Bwana Pobjoy."

"Ndiyo ninayosema. Jumamosi utakuwa wa kumi na tisa. Halafu tunashukuru kwa yote."

Nyumbani mkewe, Myrtle, alikuwa anamenya viazi. Alimtazama mara moja, akakiweka kisu chini.

"Wamekutoa."

"Imebaki moja."

"Ya kukaa au ya kucheza?"

"Muulize Quilty," alisema Horrie, akaketi kuvua viatu, na kamba ya kiatu cha kushoto ikamshinda kufungua.

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Saltwater walikuwa nyumbani, na wageni wao walikuwa Merri, watu wa upande wa pili wa mji, ambao hawakupendwa hata na mbwa wa Saltwater. Atakayeshinda ataingia katika timu nne za fainali, atakayeshindwa akaning'inize viatu mpaka mwakani. Kufikia robo ya mwisho uwanja ulikuwa uji. Jezi zote zilikuwa na rangi moja ya tope, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni ukameza magoli ya upande wa kiwandani, ambako Myrtle husimama sikuzote, kifua kimeegemea ua wa mbao. Saltwater sitini na moja, Merri hamsini na saba. Goli moja lina pointi sita. Muda uliobaki waliujua watunza saa peke yao, na watunza saa hawasemi. Wanapiga kengele tu.

Horrie alikaa kwenye joho lake, mikono katikati ya magoti. Alikuwa ameshaacha kusali.

Mlinzi wa golini wa Saltwater alikuwa Dinny Corrigan, mrefu kama Horrie, mweusi wa nywele kama Horrie, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko wote wawili. Dinny alikuwa amepanda na mpira mpaka ng'ambo ya uwanja, akakutana na goti la mtu wa Merri kichwani, akalala kifudifudi. Mhudumu wa timu, Snowy, akakimbia na ndoo na taulo lake.

Hapa lazima mjue jambo moja la watu wa Saltwater. Uwanja ni mpana na kelele ni nyingi, kwa hiyo mhudumu husema na kocha kwa taulo. Akilipunga mara moja, mtu yuko sawa. Akilipunga mara mbili, leta mwingine. Snowy alimmwagia Dinny maji, Dinny akafumbua macho, Snowy akalipunga taulo mara moja. Halafu, kwa kuwa lilikuwa limelowa tope na yeye ni mtu wa kupenda usafi, akalikung'uta.

Quilty, kwenye ukungu, akaona mara mbili.

"Askofu. Ingia."

Horrie hakuinuka.

"We, umeziba masikio? Ingia! Nenda golini, simama nyuma kabisa, na chochote kitakachokuja juu kidake. Dinny kwisha!"

Hakukumbuka baadaye alivyolivua joho. Alikumbuka mguu wa kulia kuvuka mstari wa chokaa, na wa kushoto kuufuata, na moyo wake kumwambia waziwazi, *baba, nimeingia*. Akakimbia kwa mbio zake zile mbovu kuelekea magoli ya kiwandani. Jezi yake peke yake uwanjani ndiyo iliyokuwa bado na mistari.

Mshambuliaji wa Merri, jitu lenye pua iliyovunjika mara mbili, lilimwona akija.

"Ala! Askofu kaja kunizika?"

"Simama vizuri nikupake mafuta," alisema Horrie, meno yanagongana.

Hawakupata nafasi ya kuendelea. Mpira ulitokea kwenye ukungu juu sana, unazunguka, na chini yake wakaja watu watatu wa Merri kwa mbio. Ukianguka mikononi mwao ni goli, na Saltwater wamekwenda na maji. Horrie hakufikiri. Aliruka, goti lake likapata bega la mtu, akapanda juu ya wote watatu mpaka akaona ukungu uko chini ya mikono yake, na mpira ukaingia viganjani. Kisha akaanguka nao topeni kifua mbele, akagaagaa, na jezi yake ikawa kama za wenzake. Filimbi ya mwamuzi ilisikika kwa mbali. Mpira wake.

Uwanja mzima ulilipuka. Lakini jukwaani, mbali kule, waliona mtu mrefu mwenye nywele nyeusi golini mwa Saltwater, na kila mmoja alijua nani hukaa pale. "Dinny!" walipiga kelele. "Corrigan, mwana wa mama yake!"

Horrie aliinuka, akarudi nyuma hatua sita, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote kuelekea ng'ambo. Aliufuata kwa macho jinsi unavyokwenda. Ulipokuwa unashuka, chini yake palisimama mtu ameinua mikono, damu imemtiririka hadi shingoni, anatabasamu kama bwana harusi.

Alikuwa Dinny Corrigan.

Horrie alihesabu haraka. Wanne huku nyuma. Sita katikati. Kule mbele sita, na wawili wanaogombea mpira, kumi na wanane. Na yeye.

Kila mtoto wa Melbourne aliijua sheria ile, ingawa wengi hawakuwahi kuiona ikitumika. Nahodha yeyote anaweza kumwomba mwamuzi asimamishe mchezo awahesabu wapinzani. Wakikutwa wamezidi kumi na wanane, hata kwa mmoja, pointi zao zote tangu mwanzo zinafutwa. Sitini na moja inakuwa sifuri. Wala hawaulizi taulo lilipungwaje.

Nahodha wa Merri aliitwa Bluey Haslam. Kichwa chake kilikuwa chekundu kama pilipili, na watu wa kule mwenye nywele za namna hiyo humwita Bluu, msiniulize kwa nini. Alikuwa mjanja kupita kiasi. Horrie alimwona amesimama peke yake katikati ya uwanja, mgongo kwa mpira, kidole kinacheza hewani: huyu, huyu, yule. Kidole kikafika golini kikatulia. Kisha Bluey akaanza kukimbia kumfuata mwamuzi.

Mwamuzi alikuwa ng'ambo, hatua kama mia, ameinamia rundo la watu. Akiinua mkono wake na kupuliza filimbi, hapo hakuna anayeruhusiwa kutoka.

"Dinny!" Horrie alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Toka nje! Dinny, toka!"

Maana hiyo ndiyo ilikuwa haki. Dinny akitoka, wanabaki kumi na wanane, Horrie ni mmoja wao, amecheza, amedaka, na ubao unamngoja. Dinny alikuwa hatua arobaini tu kutoka mstarini. Aligeuka, akamwona Horrie, akampungia mkono kwa furaha. Kisha akaanza kutembea kuelekea golini kwa Merri, taratibu, kama mtu anayekwenda kununua maziwa.

Bluey alikuwa amebakiza hatua sitini, tope linamvuta miguu. "Mwamuzi!" alikuwa anaita. "Mwamuzi, hesabu! Nataka hesabu!" Kelele za watu zilimmeza. Hatua hamsini.

Horrie alisimama. Nitasema kweli kama ilivyosemwa: alisimama kwa makusudi. Alijiambia labda Dinny ataanguka mwenyewe nje ya mstari. Labda kengele italia. Labda Bluey atateleza. Kwa miaka saba na mara kumi na moja alikuwa mtu mwema, na sasa roho yake ilishika uwanja ule kwa kucha na kusema sitoki, mimi sitoki, watoke wao. Hatua arobaini. Akatazama penye ua wa mbao. Myrtle alikuwa amekwisha kuhesabu, naye amekuwa akihudhuria mechi tangu tumboni mwa mama yake. Hakumwita. Hakumwambia njoo wala kaa. Alikuwa amefungua vifungo vya koti lake tu, amelishika wazi, uso umekunjamana.

Hatua ishirini.

Horrie alikimbia. Aliuvuka mstari, akaurukia ua wa mbao, na mguu wa kushoto ukanasa katikati ya mbao mbili zilizochongoka. Alisikia kitu kinalia *ta*, kama kijiti kikavu, akaangukia upande wa pili miguuni pa watu. Wakati huohuo filimbi ikalia, ndefu, na mwamuzi akainua mkono.

"Vua," Myrtle alisema.

"Nini?"

"Jezi, mume wangu. Vua jezi!"

Watu walijikusanya wakafunga ukuta wa migongo. Wote walikuwa wa kiwandani. Mzee mmoja mchuna ngozi alitoa kiko mdomoni.

"Mimi sijaona kitu. Nyie mmeona kitu?"

"Ukungu," alisema wa pembeni yake.

"Ukungu mbaya sana leo," alisema mwingine. "Macho yenyewe siku hizi."

Myrtle aliivaa jezi ile iliyolowa juu ya nguo yake, akafunga koti mpaka shingoni, akamfuta Horrie uso, nywele na kifua kwa kitambaa chake cha kichwa, hana upole hata kidogo. Mtu akamtupia koti. Wakamsukuma nyuma ya umati kuelekea benchi, na kila hatua ya mguu wa kushoto ilimtoa machozi.

Uwanjani wachezaji wa Saltwater walipangwa mstari kama watoto wa shule. Mwamuzi alipita akimgusa kila mmoja kifuani kwa kidole na kuhesabu kwa sauti. Iliwezekana kusikia mto. Kumi na nne. Kumi na tano. Quilty alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amesimama mbele ya benchi, joho la buluu limekumbatiwa kifuani, midomo myeupe. Kumi na sita. Kumi na saba. Dinny Corrigan alikuwa wa mwisho, bado anatabasamu.

"Kumi na nane," alisema mwamuzi.

"Haiwezekani!" Bluey alipiga kelele. "Walikuwa kumi na tisa! Askofu alikuwa ndani, nimemwona kwa macho yangu!"

Mwamuzi aliwaza kidogo, kisha akaanza kutembea kuelekea benchi, Bluey nyuma yake. Horrie alifika kabla yao kwa nafasi ya pumzi tatu. Quilty alimvua lile koti, akamvika joho. Akaketi.

"Quilty," alisema mwamuzi, "mtu wako wa kumi na tisa yuko wapi?"

"Huyo hapo. Alipo siku zote."

"Aliingia?"

Quilty alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa maneno makali maisha yake yote, na siku aliyohitaji moja dogo halikuja.

"Basi nakuuliza wewe, Trembath," mwamuzi akasema. "Uliingia uwanjani leo?"

Watu walio karibu waliinamia mbele. Horrie alivitazama viatu vyao. Kusema ndiyo ni kujiandika ubaoni na kuwafuta wenzake kumi na wanane. Alijua jibu lake tangu alipokuwa upande ule wa ua, lakini kulitamka kulikuwa kazi nyingine.

"Sikuingia."

"Mwongo!" alisema Bluey. "Mwambie afungue joho! Kifua chake kimejaa tope!"

"Fungua joho," mwamuzi akasema.

Horrie alilifungua mpaka kitovuni. Ndani yake palikuwa na kifua kitupu, cheupe, kimesimama vipele vya baridi.

Mwamuzi alikodoa macho. "Jezi yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani? Umekuja mechini bila jezi?"

"Mara kumi na moja nimeivaa bure," Horrie alisema. Sauti yake ilikuwa shwari. Ilimshangaza yeye mwenyewe. "Leo nikaona nisiisumbue."

Kisha mtu mmoja alicheka, na wa pili, na kicheko kikapanda jukwaani ngazi kwa ngazi. "Askofu hana hata kanzu!" Mwamuzi aligeuka pembeni mabega yanamtikisika. Hata Bluey Haslam, aliyekuwa na haki yote, alikuna kichwa chake chekundu akaanza kujishuku macho. Walicheka kwa sababu waliamini, na waliamini kwa sababu ilikuwa rahisi sana kuamini. Hilo lilimuuma Horrie kuliko mguu, na nami likinijia huwa linanikasirisha, maana hakuna hata mmoja katika watu wale aliyesema, huyu mtu hawezi kufanya hivyo.

Kengele ililia dakika mbili baadaye. Dinny alibebwa mabegani.

Jumapili Myrtle alikaa juu ya beseni akiisugua jezi, kwa sababu ilitakiwa irudi klabuni ikiwa safi kama haijavaliwa. Horrie alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya mto umevimba kama mkate.

"Nilikuona," Myrtle alisema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa hatua kumi. Nimeona yote."

"Nilidaka, sivyo?"

"Ulidaka." Akasugua tena. Kisha akaitupa jezi ndani ya maji na kulia kwa sauti, kwa hasira, akiwatukana Snowy na taulo lake na watu wa ubao wote waliokufa na walio hai.

Jumanne Quilty alikuja. Alikataa chai. "Jumamosi," alisema, "utaanza. Dakika ya kwanza. Kamati wakitaka wanifukuze." Ndipo alipouona mguu. Alisimama akiizungusha kofia.

"Ningeweza kumweleza Pobjoy," alisema mwishowe. "Aandike kweli."

"Umweleze nini, Alf? Kwamba tulikuwa kumi na tisa?"

Quilty akaivaa kofia, akatoka. Jumamosi hiyo ya fainali Saltwater walichapwa kwa pointi sitini, mchana wa jua. Mwaka uliofuata walichukua vijana, kama Pobjoy alivyosema.

Horrie alichuna ngozi miaka thelathini zaidi, akichechemea siku za mvua. Wale waliokuwa penye ua walinyamaza kwanza kwa hofu ya kunyang'anywa ushindi, halafu kwa mazoea, halafu wakafa. Dinny Corrigan hakukumbuka kitu cha robo ile ya mwisho, lakini gazeti la Jumatatu lilimwambia alichokifanya, naye alikuwa mtu wa kuamini magazeti. Baa za kule zilifungwa saa kumi na mbili jioni, na kila Ijumaa, katika nusu saa ya mwisho ambapo watu hunywa kama wanazima moto, mtu alimwomba Dinny aeleze jinsi alivyodaka. Alieleza vizuri. Alipanda juu ya kiti.

Ijumaa moja, wote wawili wakiwa na mvi, Dinny alikuwa amefika pale mpira unapotokea kwenye ukungu. Bilauri ilimmwagikia mkononi.

"Nikaruka, wanangu. Nikapanda juu ya watu wanne. Wanne wa Merri! Muulizeni Askofu, alikuwepo. Askofu, si uliniona?"

Horrie aliweka bilauri yake chini. Baa nzima ilimgeukia.

"Niliona vizuri," alisema. "Lakini usitie chumvi, Dinny. Walikuwa watatu."